Bega la Msusi na Mchango wa Upasuaji

Dada yangu mkubwa ni msusi pale Kenyatta Market, Nairobi. Kwa miaka kumi na tisa amesimama nyuma ya vichwa vya watu, viwiko juu, vidole havitulii, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linapozama. Mwaka jana, Pasaka ilipokaribia, bega lake la kulia lilianza kumuuma. Mchana alivumilia. Usiku ndio uliomshinda. Akigeukia upande ule tu, anazinduka saa nane, anakaa kitandani ameupakata mkono wake kama mtoto mchanga, anangoja kukuche.

Alifanya yale ambayo wengi wetu mjini hufanya. Alinunua vidonge vya maumivu, diklofenaki, katika duka la dawa, vikiisha anarudi. Alikwenda kwa mama mmoja mtaani akakandwa kwa mafuta ya moto mpaka machozi yakamtoka. Miezi mitatu ikapita. Ndipo akaingia hospitali moja ya kibinafsi, akapigwa picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha sehemu laini za mwili, na kwa muda usiozidi dakika tano akaambiwa kwamba kano ya bega, yaani ule utepe unaoufunga msuli kwenye mfupa, imechanika nusu, kwamba mfupa ulio juu yake unaisaga, na kwamba afanyiwe upasuaji mapema kabla haijakatika yote. Hakuna aliyemwambia anyanyue mkono. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Kufikia saa tatu usiku familia ilikuwa na kundi la WhatsApp, mweka hazina ameshateuliwa, na pesa zinaingia kwa M-Pesa. Mjomba ambaye hajapokea simu yangu tangu Krismasi alituma elfu tano na maombi. Siku ya nne tulikuwa tumekaribia nusu ya gharama.

Mioyo ya watu wetu naijua na siibezi. Lakini nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo: kama dada angetuambia kwamba anahitaji nauli na ada ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mara tano au sita, na muda wa miezi mitatu wa kufanya mazoezi jikoni kwake, nani angefungua kundi? Upasuaji tunauchangia kwa sababu neno lenyewe lina uzito. Mazoezi tunaona ni jambo la mtu na nafsi yake. Na kwa ugonjwa huu wa bega, ushahidi uliopo unasema tunaweka pesa zetu mahali pasipofaa.

Tuanze na hilo neno kuchanika, kwa sababu ndilo lililomtisha. Bega ni kiungo cha ajabu. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo mkubwa unaoegemea kikalio kidogo kisicho na kina kwenye kombe la bega. Nyonga imezama ndani ya kikombe chake. Bega limeegeshwa tu. Ndiyo maana mkono unaweza kufika mgongoni, juu ya kichwa na mbele ya uso, na ndiyo maana bega huteguka kuliko viungo vingine vikubwa. Kinachokishikilia kile kichwa katikati kila unapousogeza mkono ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukizunguka kwa kano zake. Juu ya kano hizo kuna kifuko chembamba chenye ute, na juu ya kifuko kuna ncha ya mfupa iliyoliezeka bega kama paa la kibanda.

Kano hizi huchakaa kadiri umri unavyosonga. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na tatizo lolote. Thelathini na nne kati ya kila mia walikuwa na kano iliyochanika, nusu au yote. Kwa wale waliopita miaka 60, ilikuwa 54 kati ya kila mia. Watu hao walikuwa wakilala vizuri, wakivaa mashati yao wenyewe, wakinyanyua wajukuu. Leso iliyofuliwa miaka kumi ina nyuzi zilizokatika hapa na pale, na bado inambeba mtoto mgongoni. Picha ya MRI huonyesha nyuzi zilizokatika. Kama hizo ndizo zinazokuamsha usiku, picha haiwezi kukuambia. Hilo hujulikana kwa kukusikiliza na kuushika mkono wako.

Habari ya mfupa unaosaga nayo ina historia yake. Mwaka 1972 daktari wa mifupa wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba kano za bega hubanwa chini ya lile paa, akashauri sehemu ya mfupa ikatwe ili kano zipate nafasi. Ni maelezo ambayo hata mtoto anayaelewa: kitu kinasaga kitu, ondoa kinachosaga. Wagonjwa waliopasuliwa walipata nafuu, na mbinu ya kupasua kwa matundu madogo na kamera ilipoenea, mabega mengi mno yalichongwa duniani. Kwa miongo kadhaa karibu hakuna aliyeuliza swali gumu: je, hawa wangepata nafuu hata kama mfupa usingeguswa?

Uingereza iliuliza. Wagonjwa 313 katika hospitali 32, wote wakiwa na maumivu ya miezi mitatu au zaidi, kano zikiwa nzima au zimechanika nusu tu, kama ya dada yangu. Kundi la kwanza lilichongwa mfupa. Kundi la pili liliingizwa kamera, bega likatazamwa, kisha likashonwa bila chochote kukatwa, na mgonjwa hakuambiwa kipi kilifanyika. Kundi la tatu halikupasuliwa kabisa. Matokeo yalichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018. Waliochongwa na walioshonwa bila kuchongwa walipata nafuu ile ile. Wale ambao hawakupasuliwa walikuwa nyuma kidogo, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuiona kuwa na maana kwa maisha ya mgonjwa. Mwaka huo huo Finland ilitoa utafiti wa aina hiyo kwa wagonjwa 210. Baada ya miaka miwili, kuchonga mfupa hakukuwa na faida ya maana kuliko kutazama kwa kamera tu. Mwaka 2019 jopo la wataalamu na wagonjwa lililoandika katika jarida la BMJ likatoa pendekezo zito: upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya aina hii.

Nausisitiza utafiti huu wa kushona bila kuchonga kwa sababu unajibu hoja ninayoisikia kila mara: lakini fulani alipasuliwa na akapona. Ni kweli alipona. Baada ya upasuaji alipumzika wiki kadhaa, akapewa mazoezi, akaangaliwa na watu waliomjali, na miezi ikapita. Bega lina tabia ya kupoa likipewa mambo hayo. Kisu kikachukua sifa zote.

Basi nilimwomba dada atupe wiki moja tu kabla ya kulipa. Nikampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma. Tulingoja kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, na hilo silifichi. Mtu wa kibarua hapotezi nusu siku kirahisi. Lakini tulipoingia, yule mtaalamu, mama mmoja, alitupa dakika arobaini.

Kwanza aliushika mkono wa dada yeye mwenyewe, akamwambia aulegeze, akaupandisha taratibu hadi ukagusa sikio. Ulipanda wote. "Hapa hakujaganda," akasema. Kisha akamwambia ausukume mkono nje dhidi ya kiganja chake. Dada alikunja uso, lakini mkono ulisukuma kwa nguvu. "Unauma, lakini unafanya kazi." Akakagua shingo, kwa sababu neva iliyobanwa shingoni huweza kuumia begani. Halafu ndipo akauliza lile swali.

"Mama, mteja wako huketi wapi?"

"Kwenye kiti, daktari. Kile cha plastiki."

"Na wewe?"

"Mimi nasimama."

Akamsimamisha, akaketi mwenyewe kwenye kiti, akamwambia amsuke. Dada alinyanyua viwiko. Vilikuwa juu ya mabega yake kabisa. Ni mfupi, na kiti ni kirefu. Yule mama akashuka akachuchumaa kwenye stuli ndogo ya kupandia kitandani, akasema asuke tena. Viwiko vikashuka hadi usawa wa mbavu. Hakuna picha ya MRI iliyoweza kuona hivyo. Nilisimama pale mlangoni na koo limenikaba, kwa sababu zaidi ya miezi mitatu ya kukosa usingizi ilikuwa imefikia kwenye urefu wa kiti.

Kiti peke yake hakitoshi, na ningekuwa nadanganya nikisema hivyo. Kano inayouma kwa kazi nyingi huhitaji kwanza kupunguziwa mzigo, halafu kurudishiwa mzigo kidogo kidogo mpaka izoee. Kuuweka mkono kwenye kitambaa shingoni wiki nzima ni kosa, kwa sababu misuli hulegea na kiungo hukakamaa. Mazoezi aliyopewa dada hayahitaji chumba cha mazoezi. Kutambaza vidole ukutani kupanda juu, kila siku sentimita moja zaidi. Kukiweka kiwiko ubavuni na kuvuta nje kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye kitasa cha mlango. Baada ya wiki nne, kunyanyua pakiti ya unga ya kilo moja hadi usawa wa bega na kuishusha polepole, kisha ya kilo mbili. Alipewa na kipimo cha maumivu, ambacho naona kila mtu mwenye bega bovu angepaswa kukijua: kuuma kidogo wakati wa zoezi ni sawa ikiwa kufikia kesho yake asubuhi bega halijawa baya kuliko jana. Likiwa baya zaidi, punguza, usiache.

Na inahitaji muda. Wiki sita ndipo wengi huanza kuona tofauti, wiki kumi na mbili ndipo unaweza kuhukumu. Kwa jiji linalopenda dawa ya leo leo, huu ndio mtihani wenyewe.

Kuna utafiti mwingine ambao, kwa maoni yangu, ungepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kituo cha afya Nairobi. Ulichapishwa na Lancet mwaka 2021, ukihusu watu 708 nchini Uingereza wenye maumivu ya kano za bega. Wengine walimwona mtaalamu hadi mara sita, wengine walimwona mara moja tu, wakaelezwa vizuri, wakapewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya mwaka mmoja hawakutofautiana kwa kiasi cha maana. Mara moja! Kwa nchi ambayo wataalamu wa fiziotherapia hawatoshi, hii ni habari ya kutuliza moyo. Mgonjwa anayetoka Njiru au Kayole halazimiki kumaliza pesa za wiki nzima kwa nauli. Anahitaji kikao kimoja kilichofanywa kwa uangalifu, na mtu wa kumkumbusha.

Utafiti huo ulipima pia sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Iliwasaidia watu katika wiki nane za kwanza, na kufikia mwisho wa mwaka faida ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo sindano moja ina nafasi yake, hasa kama maumivu ni makali hata mtu hawezi kuanza mazoezi. Mwenye kisukari ajue kwamba inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ila sindano ya tatu na ya nne, kila ile ya kwanza inapoisha nguvu, ni kumlipa fundi anayepaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu. Kuhusu vidonge, nina ugomvi na jinsi tunavyovinunua. Diklofenaki kwa siku chache hutuliza. Kwa miezi, bila daktari kujua, huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha, kuumiza figo na kuongeza hatari kwa moyo. Dada yangu ana presha, na hakuna aliyemuuliza dukani.

Si kila bega ni kama lake. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Umoja, alianza kwa kushindwa kutoa pochi kwenye mfuko wa nyuma akiwa ndani ya matatu. Kisha akashindwa kuvaa koti. Mtaalamu alipoujaribu mkono wake, ulikwama njiani kama dirisha lililovimba kwa mvua. Mwenyewe akiunyanyua unakwama, akinyanyuliwa unakwama pale pale. Hilo ni bega lililoganda. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara kadhaa kuliko wengine. Mwalimu hakujua ana kisukari. Alipopimwa kwa sababu ya bega, sukari ilikuwa juu mno. Tangu hapo namsihi kila anayeniambia mkono wake umekakamaa bila ajali wala jeraha: kapime sukari kwanza, na tezi ya thiroidi ya shingoni pia ikiwezekana.

Bega lililoganda huuma vibaya kwa miezi, kisha maumivu hupungua ukakamavu ukibaki, kisha hulegea pole pole. Safari yote huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Kulilazimisha kwa kukandwa na kuvutwa wakati wa maumivu makali ni kumtesa mtu bure. Hapa pia upasuaji umepimwa: utafiti wa Uingereza wa 2020, watu 503, ulilinganisha kuvunja ukakamavu mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kuukata kwa kamera utando unaokizunguka kiungo cha bega, na fiziotherapia pamoja na sindano ya steroidi. Baada ya mwaka hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa kiasi kikubwa.

Lazima niseme pia ni nani asisubiri, kwa sababu sitaki mtu asome haya kisha aketi nyumbani na hatari. Aliyeanguka kutoka kwenye boda boda au jengo na ghafla hawezi kunyanyua mkono, aende siku hiyo. Kano iliyokatika yote kwa ajali huenda ikahitaji kushonwa mapema, na huenda mfupa umevunjika au bega limeteguka. Bega lenye joto, lililovimba, na homa juu yake, ni dharura. Maumivu ya bega la kushoto yakija na kifua kubana, jasho au pumzi kukatika, huo huenda ni moyo, usitafute mazoezi. Na maumivu yasiyolegea usiku na mchana kwa mtu anayekonda bila sababu, au aliyewahi kuugua saratani, yachunguzwe haraka. Mikono ya madaktari wa upasuaji inahitajika huko, na heshima yangu kwao ni kubwa. Wako hapa jijini madaktari wa mifupa wanaomrudisha mgonjwa mlangoni wakimwambia nenda kafanye mazoezi, na kila wakifanya hivyo wanajinyima kipato. Wanastahili kusifiwa kuliko tunavyowasifu.

Hata kano iliyochanika yote, bila ajali, kwa mtu mzima, haina lazima ya kisu mara moja. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa watu 452 wenye hali hiyo walioanza na fiziotherapia, waliochagua kupasuliwa ndani ya miaka miwili hawakufika robo.

Narudi kwenye lile swali la nani angefungua kundi. Nadhani tunaidharau fiziotherapia kwa sababu tunaichanganya na kukandwa, na kukandwa tunakujua tangu kwa nyanya zetu. Tunadhani ni jambo la kufanyiwa ukiwa umelala, wakati sehemu kubwa yake ni kufundishwa jinsi ya kufanya mwenyewe. Tena mgonjwa anayefanya mazoezi haonekani mgonjwa. Hana bendeji, hana kitanda cha kutembelewa. Mwajiri humwona anazembea. Mwambie hamali wa soko la Marikiti, anayebeba magunia ya viazi kwa bega lile lile linalouma, apunguze mzigo. Atakuuliza watoto watakula nini, na atakuwa na haki. Ndiyo maana ushauri wa "pumzika" hauna maana kwa watu wetu wengi. Ushauri wenye maana huanza kwa kuuliza kazi inafanywaje, bega lipi, urefu gani, mara ngapi, kisha kutafuta kitu kimoja kinachoweza kubadilika bila mtu kupoteza mkate.

Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, iliposhika nafasi ya NHIF, bima ya zamani, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Ningependa kuona sehemu ya pesa hizo ikimweka mtaalamu wa fiziotherapia katika kituo cha afya cha mtaa, mtu wa kwanza kulishika bega, kabla ya picha na kabla ya kisu. Na ningependa daktari yeyote anayesoma ripoti ya MRI kwa mgonjwa wa miaka hamsini ataje pia, kwa sauti, kwamba michaniko kama hiyo iko hata kwenye mabega yasiyouma. Sentensi moja tu. Dada yangu angelala vizuri zaidi usiku ule.

Ule mchango tuliurudisha, isipokuwa kiasi kidogo ambacho kikundi kilikubali atumie. Alilipia vikao vitatu na akamwagiza fundi seremala stuli mbili fupi, moja ya mteja, moja yake akichoka kusimama. Katika wiki ya tisa alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Desemba, wateja walipofurika kusuka kwa ajili ya Krismasi, bega lilirudi kuuma kwa siku kumi hivi. Alinipigia simu saa moja jioni, nikamuuliza kama nimpeleke hospitali.

"Ngoja kwanza, mdogo wangu," akasema. "Niko ukutani."